Pumzi ya Kuvuta Ndani

St. John's, 4 Septemba 2011

Bibi Selina,

Shikamoo. Baba anakusalimu. Nilipompigia Jumapili alikuwa juu ya paa, akigongelea mabati na kutukana kila msumari. Mimi mzima, sijalala vizuri siku tatu, na wala sijali, kwa sababu Bibi, nimefanya! Nimetoboa koromeo la mtu kwa mkono wangu mwenyewe!

Nakuandikia wewe kabla ya mtu mwingine, maana katika ukoo mzima ni wewe tu utakayeniuliza maswali ya maana. Baba ataniuliza kama nilikula.

Ilikuwa Alhamisi asubuhi. Tuliletewa mvuvi wa kaa, mtu wa miaka hamsini, jino bovu limemvimbisha chini ya ulimi mpaka kidevu na shingo vimekuwa kitu kimoja. Amekaa kitako, ameinama mbele, mikono magotini, mate yanamtiririka kwenye beseni kwa kuwa hawezi kuyameza. Kijana mmoja wa mafunzo akataka kumlaza ili amwangalie kooni. Daktari Comeau, mwalimu wangu, alipiga kelele nikadhani madirisha yatapasuka: "Ukimlaza huyo umemzika! Mwache akae!"

Tulijaribu kupitisha mrija puani. Hakuna njia. Mdomoni, ulimi umejaa. Basi, juu kukiziba, unaingilia chini. Tukampiga ganzi shingoni, akiwa macho, nusu amekaa. Daktari Comeau akanipa kisu, akasema, "Pardy, una vidole vya mshona nyavu. Kata." Nikakata. Nikatenga misuli, nikazipapasa pete za koromeo kwa ncha ya kidole, na nilipofungua, Bibi, ile hewa! Iliingia kwa kishindo kama mlango wa baharini uliofunguliwa na upepo. Yule mtu akawa mwekundu mbele ya macho yangu. Kitu cha kwanza alichofanya ni kutuashiria kwamba anataka chai.

Sasa nikuchekeshe. Kabla sijamwona niliisikia pumzi yake kutoka ukumbini, inakwaruza kila anapoivuta ndani. Hiiii. Hiiii. Nikarudi utotoni kwetu Skerry Cove, wageni wa vinyago wakiingia siku za Krismasi na foronya vichwani, wakisema kwa kuvuta pumzi ndani ili tusiwatambue sauti. Karibu niropoke jina la mtu! Baadaye nilimweleza Daktari Comeau: kwetu mtu anavaa nguo za mkewe, anajifunika uso, anaingia kwa jirani, na wenye nyumba wanabahatisha ni nani, na ukimtaja jina sawasawa hana budi kufunua uso. Akaniangalia kama niliyeshuka kutoka mwezini.

Katika miaka thelathini na tano ya uuguzi pale kwenye hospitali yetu ndogo, uliwahi kuisikia sauti hiyo? Uliwahi kuona mtu akikatwa hivi? Niandikie. Au nipigie, mimi nikipiga hupokei.

Mjukuu wako,
Tamsin


Skerry Cove, 17 Septemba 2011

Mjukuu wangu Tamsin,

Marahaba, na marahaba tena. Barua yako ilishuka na meli ya Jumanne. Sikungoja kufika nyumbani, niliisomea gatini kwenye upepo mpaka Verna jirani akaniuliza, "Nani amekufa?" Nikamwambia, "Hakuna. Kuna mtu amepona!" Tumecheka wawili sisi kama wehu.

Nijibu haraka. Ulikata kwa wima au kwa ulalo? Uliingilia chini ya pete ya ngapi? Ulikutana na mshipa wowote? Nani alishika taa? Mkono wako ulitetemeka kabla au baada? Mimi nadhani baada. Na ulipoisikia hewa, ulilia? Usinifiche. Niliisoma ile sehemu ya hewa mara nne.

Habari za huku: viazi vimetoka vidogo lakini vitamu. Shule imebaki na watoto wanne, na mwalimu analalamika kwamba wawili ni wake mwenyewe. Nimechuma matunda mekundu ya mlimani ndoo mbili, jemu yako iko kwenye kifurushi. Mimi sikujibakizia nyingi, siku hizi napenda supu kuliko mkate.

Simu inanichosha. Barua ina adabu, haimkatizi mtu.

Jemu ikifika usiiache kwenye joto.

Bibi yako,
Selina


St. John's, 2 Oktoba 2011

Bibi,

Shikamoo. Jemu imefika, nusu imeshaliwa, na si mimi peke yangu. Wima, chini ya pete ya pili, mshipa mmoja mdogo, Daktari Comeau alishika taa, mkono ulitetemeka baada, na ndiyo, nililia chooni. Haya. Nimejibu yote. Wewe hukujibu hata moja.

Juzi Verna alinipigia. Usimgombeze. Anasema sauti yako imekwaruza tangu masika, sasa ni mnong'ono, na unapopanda ngazi za kanisa anasikia filimbi. Anasema umeacha mkate kwa sababu unakukwama. Anasema ulivaa skafu Agosti nzima, hata ndani. Baba alipoambiwa hilo alicheka tu: "Shangazi na skafu zake!" Akanisimulia tena ile nyekundu aliyozikwa nayo babu yangu Eliol, jinsi wewe dada yake ulivyoifunga kwa mikono yako baada ya yeye kufia njiani kwenye barafu akija hospitali, na jinsi ulivyokataa ifunguliwe hata kaburini.

Bibi, kazi yangu ni makoo, kwa hiyo nijibu kama muuguzi. Filimbi inalia unapovuta pumzi au unapoitoa? Ikiwa ni kuvuta, kizuizi kiko juu, kwenye koromeo. Inalia ukitembea tu, au hata umekaa? Ikilia umekaa, njia imebaki nyembamba kama bua la ngano. Unaweza kulala chali? Mtu akishindwa kulala chali hatungoji tena. Kama mrija unapita mdomoni, vizuri. Kama uvimbe umeikalia njia, tunatoboa chini yake, na tunatoboa mapema, kwa utulivu, mtu akiwa macho na sisi tukiwa tumekunywa chai yetu. Wanaokufa ni wale waliosubiri mpaka kukawa na haraka.

Maswali matatu. Nasubiri meli.

Tamsin


Skerry Cove, 21 Oktoba 2011

Mjukuu wangu,

Marahaba. Verna ana mdomo mpana kuliko ghuba yetu, na nimemwambia hivyo, akanijibu, "Afadhali wangu unapitisha hewa." Siongei naye mpaka Ijumaa.

Nakujibu. Kuvuta. Hata nimekaa. Swali la tatu halikuhusu.

Nilikwenda kwa daktari wa mjini tangu Agosti. Kuna uvimbe kwenye nyuzi za sauti, ni wa saratani, na si mdogo. Alitaka aniwekee mrija shingoni kabla ya majira ya baridi, halafu mambo ya mionzi yafuate. Nilimshukuru, nikapanda meli nikarudi. Nina miaka themanini. Nimekula samaki wangu, nimezalisha nusu ya kijiji hiki na kuwafunga vitovu. Shingo yangu haikatwi. Usiniulize kwa nini.

Ila niambie, yule mvuvi wa kaa amekuwaje? Mrija umetolewa? Kidonda kimefunga? Nimemwota mara mbili, na ndotoni anapumua vizuri sana.

Selina


St. John's, 30 Oktoba 2011

Bibi,

Mvuvi wa kaa amerudi baharini! Tulipotoa mrija aliziba tundu kwa kidole, akamwambia binti yake, "Nilikusikia ukisema utaiuza boti yangu." Wodi nzima ilicheka.

Hivyo ndivyo ninavyotaka wewe uwe. Sitaki kukuongopea: mrija hautaondoa saratani. Lakini saratani inaua kwa miezi, na koromeo kuziba kunaua kwa dakika, na hizo dakika nimeziona. Ukingoja usiku wa dhoruba, meli haipo, atakayekukata ni Verna na kisu cha samaki.

Kwa nini shingo yako haikatwi? Nakuuliza ingawa umenikataza. Wewe uliyesoma ile sehemu ya hewa mara nne.

Tamsin


Skerry Cove, 16 Novemba 2011

Mjukuu wangu Tamsin,

Salamu kwanza. Theluji imeanza, meli haikuja siku sita, Verna ananiletea supu na mimi naongea naye tena. Nalala kwenye kiti, na mito mitatu mgongoni. Hilo ndilo jibu la swali lako la tatu.

Sasa nisikilize. Moyo unanidunda kama wa msichana anayekwenda kwenye dansi, na naona aibu, maana ninachotaka kusema si cha kufurahia. Lakini kimekaa ndani miaka hamsini na tatu, na leo kinatoka.

Babu yako Eliol hakufia njiani. Alifia jikoni mwa hospitali, mbele ya macho yangu.

Ilikuwa tarehe tano Januari 1958, siku kumi na mbili za Krismasi hazijaisha, saa tisa alasiri. Daktari alikuwa amekwenda kwa boti kuzalisha ng'ambo. Tulibaki watatu: mimi, Dorcas mpishi, na Mzee Hezekia mchochea tanuri. Tunakunywa chai na keki ya Krismasi. Mlango ukafunguka bila hodi, akaingia mgeni wa kinyago. Gauni la kike juu ya suruali, koti la mvua, kichwani foronya iliyofungwa shingoni kwa uzi wa nyavu. Akashika meza kwa mikono miwili, akainama mbele. Na ile pumzi. Hiiii. Hiiii.

Dorcas akapiga makofi. "Ehee! Huyu wa leo fundi! Hebu isikieni pumzi hiyo!"

"Mose Skinner," akasema Hezekia.

"Mose gani ana mgongo huo? Labda mkewe!"

Kinyago kikatikisa kichwa. Kikajipiga shingoni kwa glavu, mara mbili, tatu.

"Anasema amenyongwa! Jamani, nani kanyongwa Krismasi hii?"

"Mpe chai, atalainika huyo." Dorcas akamsogezea kikombe. Kikombe kikaruka, kikavunjika. "Aa! Na kulewa kote huko! Toka na kinyago chako!" Lakini alikuwa anacheka, na sisi tunacheka. Kikakwangua ile foronya kwa glavu, fundo likakaza zaidi. Tukacheka na hilo.

Aliingia saa tisa na dakika tano. Alianguka saa tisa na robo. Saa ya ukutani ilikuwa juu ya kichwa chake.

Nilikata uzi, nikavua foronya. Midomo ya zambarau, mate yamejaa kidevuni, ndugu yangu mdogo, Eliol, mwenye miaka ishirini na mitano. Nilimfungua kinywa nikaona mara moja: kile kifuniko kidogo nyuma ya ulimi kimevimba kama tunda jekundu, kimeziba kila kitu. Alikuwa amezunguka na wenzake nyumba kwa nyumba tangu mchana na koo linamuuma, na lilipombana aliwaacha akaja kwangu, vilevile alivyovaa.

Vyombo vya kutoboa vilikuwa kabatini, nilivichemsha asubuhi ile ile. Kanuni ilisema muuguzi hakati. Nilikata. Dorcas alishika kichwa, Hezekia taa. Nilikata mara moja na nikalipata. Na hewa iliingia! Niliisikia ikiingia, nikaona kifua kinapanda! Katika maisha yangu sijasikia kitu kitamu kama kile, na kilikuwa kinaingia kwa mtu aliyekwisha ondoka. Nilimpulizia saa nzima. Moyo haukurudi.

Hezekia ndiye aliyesema, "Tumemkuta njiani, kwenye barafu. Umesikia, Sista? Njiani. Ukisema umekata watakufukuza, na hapa hakuna mwingine." Nikavua skafu yangu nyekundu nikamfunga. Bibi yako mzaa baba alinisihi nimfungulie ambusu shingoni. Nilimkatalia. Watu wakasema, tazama dada anavyompenda mdogo wake.

Niliishia hapa nikafunga bahasha, nikijua utaniandikia: Bibi, hukujua, mchezo ulikudanganya. Nimeifungua tena kwa mvuke wa birika.

Kwa sababu nilijua. Sikujua anaumwa. Nilijua ni nani. Zile glavu nilizifuma mimi, na kidole gumba cha kushoto kilikuwa cha kijani kwa sababu uzi wa kijivu uliniishia. Nilikiona tangu aliposhika meza. Ningesema "Eliol", neno moja, ingebidi afunue uso, na akishindwa ningemfunulia mimi. Lakini jina likitajwa mchezo unaisha. Hakuwahi kunishinda hata Krismasi moja, nami nikasema moyoni, leo nimwachie kidogo afurahi. Na mimi nilikuwa nafurahi. Nikasema kwa sauti, "Labda ni kasisi!" Wakaanguka kwa kicheko.

Nililikalia jina lake dakika kumi.

Ndiyo maana shingo yangu haikatwi. Ile sauti ya hewa si haki yangu. Dorcas na Hezekia wamekufa, Gideon baba yako hajui, alikuwa wa miaka miwili. Sasa unajua wewe.

Selina


St. John's, 6 Desemba 2011

Bibi,

Shikamoo. Barua yako niliisoma tarehe 24. Nimeshindwa kuijibu siku kumi na mbili. Siku nyingine nilikasirika hadi nikavunja sahani. Baba alikua bila baba, na alikwenda kwenye lile kaburi kila Januari akisimulia habari za barafu.

Jumapili nilikwenda kwake. Alipika nyama ya chumvi na kabichi, akaniuliza kama nimekula huku nakula. Nilitazama vidole gumba vyake muda wote. Sikumwambia. Habari hii si yangu kuisema, ni yako, na ili uiseme lazima uwe hai.

Nilimuuliza Daktari Comeau bila kutaja mtu: muuguzi, peke yake, 1958, kifuniko cha koo kimevimba. Akasema hata leo, katika hospitali kubwa, ugonjwa huo unatuponyoka. Halafu akaniuliza, "Alikata mara moja akalipata? Bila daktari? Mlete huyo, nimwajiri kesho."

Siwezi kukusamehe kwa niaba ya Babu, sina uwezo huo. Lakini kuna kitu nimekiona jana naoga, nikatoka na povu kichwani nikaja kukuandikia. Tangu masika kuna mtu ameingia kwetu na skafu shingoni. Anashika meza, anainama mbele, anavuta pumzi kwa ndani, na sisi tunachekeshana habari za filimbi za kanisani. Mimi sitakaa dakika kumi.

Sheria ya kwetu unaijua kuliko mimi. Wewe ni Selina Pardy, binti Azaria, dada yake Eliol. Nimekutambua. Funua.

Kitanda chako kimeandaliwa Jumanne tarehe 13. Verna ameshafunga sanduku lako, usimgombeze. Bahari ikichafuka, helikopta ya wagonjwa itakuja. Mimi sitakata, haturuhusiwi kumkata ndugu. Atakata Daktari Comeau. Mimi nitashika taa.

Tamsin


Wodini, St. John's, 20 Desemba 2011

Mjukuu wangu Tamsin,

Uko ghorofa mbili juu yangu, nami nakuandikia barua! Sauti sina, na ile karatasi ndogo ya "maji" na "mto" hainitoshi. Nimempa muuguzi akuletee. Ana mwendo mzuri huyo, nimemwambia kwa ishara apunguze manukato.

Nilipoitwa kwa jina ningefanya nini? Niliisoma barua yako gatini, nikasimama, nikamwambia Verna twende. Kwenye meli alinishika mkono saa nne nzima, kila nikisinzia ananifinya: "Usithubutu kufa kabla hatujafika, nimevaa viatu vipya!"

Nataka kukuambia habari ya ile siku kabla mrija haujanizoea na mimi sijauzoea. Nilikuwa nimekaa, taa yako usoni mwangu, mkono wako unatetemeka. Kabla, Tamsin! Nilikuona. Sikusikia maumivu, nilisikia kubanwa, kama mtu anayenifunga skafu. Halafu nikaisikia. Ile ile. Niliijua kabla kifua hakijapanda. Safari hii iliingia kwa mtu aliyekuwepo.

Nimelala chali siku saba! Unajua kulala chali ni nini? Nimelitazama dari kama sinema. Daktari Comeau ameniandikia ukweli kwenye karatasi, kwamba huenda nikauona msimu mmoja wa kuchuma matunda, huenda nisiuone. Nikamwandikia chini yake: leo napumua. Akacheka, akaniuliza kama naitaka ile kazi; kumbe amebahatisha kwamba yule muuguzi ni mimi.

Gideon anafika kesho kwa basi la saa nne. Wauguzi walitaka kunifunika kitambaa hapa shingoni ili mgeni asishtuke. Nimekataa. Skafu yangu iko mezani, imekunjwa. Anapaswa kupaona, maana baba yake alikatwa pale pale, na kwa mkono mzuri.

Uje nawe, ukae karibu na mlango, usiseme kitu. Wameniletea ubao mweupe na kalamu nene. Yote nitamwandikia, na glavu pia. Kungoja nimeshindwa, hivyo neno la kwanza nimeliandika leo kabisa, kwa herufi kubwa, alisome akiwa bado mlangoni:

ELIOL.

Bibi yako,
Selina